Nyekundu Katikati ya Buluu

—Vua hiyo nguo, Merihna.

—Sivui, Mama.

—Kwaya nzima inavaa buluu, wewe peke yako uwake pale mbele? Watu watasema nini?

—Watasema kaninunulia Edwihn. Na ni kweli.

Mama akaendelea kumenya magimbi huku kanuna. Edwihn wangu ni maskun, kama wengi hapa kisiwani Pingelap: haoni rangi hata moja, na jua la mchana humfumbisha macho. Alipokwenda kisiwa kikubwa cha Pohnpei nilimwagiza kitambaa cha sare. Dukani akakuta majora mawili, yote meusimeusi kwake. Akaona haya kuuliza mbele za watu, akakatiwa moja.

Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: "Mpenzi, nimeambiwa ni nyekundu. Usivae. Sitaki wakucheke kwa sababu yangu."

Nikamjibu: "Nimeshavaa. Wewe njoo tu."

—Edwihn simkatai kwa ubaya, Mama akasema, sauti imeshuka. Hata sisi damu hiyo tunayo. Mdogo wangu Yosko ni maskun. Mkizaa, mtoto atalia kila akitolewa nje. Nimemlea Yosko mimi, najua.

—Ukamlea, akakua, akaolewa, na mikeka anasuka kukushinda. Huyo ndiye wa kunitisha naye?

Siku hiyo mchungaji alikuwa atangaze uchumba wetu, na kwetu hautangazwi mpaka mzazi wa kila upande asimame. Edwihn alikuwa na baba yake. Mimi nilikuwa na Mama tu, na alishaapa kwamba hasimami.

Kanisani minong'ono ilianza hata sijafika kwenye safu ya kwaya. Delpihna, kiongozi wetu, akanishika mkono.

—Shoga, ndiyo nini hiyo? Mchumba kakuvisha gizani?

Wenzake wakacheka. Kule nyuma Edwihn akainamisha kichwa, na hapo ndipo nilipoumia.

—Kanivisha mchana kweupe, na nimependeza. Nipishe niimbe.

—Na nguo hiyo huimbi.

Mama mdogo Yosko, amesimama ubavuni kwangu na buluu yake, akageuka huku anapepesa macho.

—Jamani, mnacheka nini? Merihna kavaa kama sisi. Ana kasoro gani?

Nilimwona Mama kwenye benchi lake anamtazama mdogo wake, kisha akamtazama Delpihna, aliyekuwa kaziba mdomo asiangue kicheko kingine.

Mchungaji akaita wazazi. Baba yake Edwihn akasimama. Nikangoja. Mama naye akainuka, polepole, akishikilia benchi.

—Delpihna, kama ni kucheka, nicheke mimi. Kijana huyu ni mkwe wangu.

Tulipotoka jua lilikuwa kali. Edwihn alifumba macho, nikamshika mkono tukatembea. Mama akatufikia.

—Mama, nisamehe kwa kile kitambaa, Edwihn akasema.

—Achana na kitambaa. Mkijaliwa mtoto mwenye macho kama yako, mchana mniletee mimi. Nyumba yangu ina giza zuri, na kubembeleza sijasahau.

Akatutangulia haraka, hakutaka tumwone analia.