Nigeuze, Mwanangu

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata mdogo wangu, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja.

Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Ule ugonjwa wa mapafu ulipopamba moto, yeye na wenzake walipelekwa wodini kwa mafunzo hata kupima presha hawajazoea. Asubuhi ya kwanza Mama alimcheka. "Sare imekupwaya, umekuwa kama pazia!"

"Afadhali, Mama. Nitapata pa kujificha."

Siku ya tatu akajificha kweli.

Wagonjwa walilazwa kifudifudi ili wapate pumzi; wakichoka, wanageuzwa. Mzee wa kitanda cha dirishani alimwita. "Nigeuze, mwanangu. Nakosa hewa."

Mdogo wangu alimtazama anavyokohoa. Barakoa aliyovaa ilikuwa ya juzi.

"Nakuja, Babu."

Akaingia stoo, akawa anapanga glovu ambazo zilishapangwa. Alipotoka, sista wa zamu alikuwa anamfunika mzee shuka hadi kichwani.

"Aliita mtu?" sista akauliza.

"Hapana."

Kesho yake mchana alikuwa amejilaza chali nyumbani. Nikamsikia anagumia. Nilipoingia, uso ulikuwa umezama kwenye mto. Nikamgeuza, nikaenda kuanua nguo. Kurudi, kifudifudi tena.

Siku iliyofuata nilikaa kumlinda. Jua limejaa chumbani. Amelala fofofo.

Bega lake likainuka. Taratibu. Kisha nyonga. Vilevile muuguzi anavyomgeuza mgonjwa, mkono mmoja huku, mwingine kule. Gauni likabonyea penye vidole.

Vidole sikuviona.

Nikamvuta. Hakuvutika. "Mwachie," nikanong'ona. Wapi!

Ndipo sauti yake ikatoka ndani ya mto, imeminywa: "Nilikusikia, Babu. Niliogopa. Nilikusikia."

Akaachiwa. Akavuta pumzi kama aliyeibuka majini.

Hakungoja kesho. Alikwenda hospitali akamweleza sista ukweli wote, analia. Sista akaangalia viatu vyake.

"Hata mimi nilimsikia," akasema kwa sauti ya chini. "Nilidhani wewe umemwendea."

Tangu hapo hajageuzwa tena. Siku hizi ni muuguzi kamili, na mgonjwa akiita, yeye hukimbia.

Lakini godoro lake lile hakuna anayelilalia. Tumelianika, tumelipiga fimbo, tumelipindua. Upande wowote tunaouweka juu una bonde la mtu aliyelala kifudifudi, na penye mdomo pana unyevu usiokauka.