Kompyuta Iliyoacha Jina la Baba

Siku ya soko mji wa Meru haukanyagiki. Njiru, karani wa sacco, tai nyekundu na viatu vya kung'aa, alikimbia mvua akajitosa katika duka la kompyuta na kumgonga mwenye duka, dada mmoja aliyevaa gauni la kitenge cha manjano.

"Wee! Huko kwenu Embu hamwangaliangi mbele?"

"Umejuaje natoka Embu?"

"Hiyo Kiswahili yako inanukia muguka, ile miraa ya kwenu."

Wakacheka mpaka mvua ikakatika. Huyo ndiye Kiende, binti wa wakulima wa viazi wa Kibirichia, na kabla ya Pasaka ya mwaka huo wa 2019 Njiru alikuwa hapati usingizi bila kusikia sauti yake.

Basi shule aliyosomea Njiru kule Kanja, Embu, ilipomwomba atafute kompyuta, alimwendea mpenzi wake. Wazazi wa wanafunzi aliwaahidi laptop za Toshiba, kwa kifua mbele. Siku ya mkutano Kiende alifungua boksi la kwanza mbele ya wote. Kifuniko cha laptop kiliandikwa Dynabook.

Njiru aliona wazazi wakimtazama. Ulimi hauna mfupa. Badala ya kuuliza, akapayuka.

"Kiende, umetuletea feki?"

"Njiru, ni hao hao, walibadilisha..."

"Usinifunze! Toshiba ni Toshiba."

Wazazi wakaguna. Kiende alifunga boksi, akarudisha mzigo wote garini na kuondoka bila kuaga.

Jioni Njiru alimpigia binamu yake Alice, anayefanya kazi ya kompyuta Nairobi.

"Toshiba waliuzia kampuni ya Sharp biashara ya laptop mwaka jana," Alice alisema. "Mwaka huu ikapewa hilo jina. Si ungegoogle kwanza, aki?"

Aibu ilimpanda Njiru mpaka masikio yakawaka. Akampigia Kiende tena na tena, hadi akashika.

"Babe, pole sana."

"Babe wa nani? Wewe ni Njiru Nyamu. Nyamu ni nani?"

"Guka. Baba ya mama."

"Na babako?"

Mama yake Njiru alimwacha mumewe akarudi kwao na yeye mgongoni, akampa jina la guka, na shuleni walimcheka kwamba hana ukoo. Ni Kiende peke yake aliyekuwa amemwambia hayo.

"Uliponiambia, nilikuita feki?"

"Hapana."

"Ulinitukana mbele ya watu kule Kanja. Usiniombe msamaha kwa simu."

Mkutano uliofuata, Njiru alisimama mbele ya wazazi wale wale, simu ikiwa spika, Kiende akisikiliza kutoka Meru.

"Zile kompyuta si feki. Ziliondoka kwa mzazi mmoja zikapewa jina jingine, kama mimi nilivyoacha jina la baba. Najua vile inauma kuulizwa jina lako limetoka wapi, na bado nilimuuliza Kiende mbele yenu. Naona aibu."

Mama yake, Nelius, aliyeketi benchi ya mbele, alijifunika uso kwa leso.

"Nimesikia," Kiende alisema. "Kompyuta nitaleta Jumatatu."

"Na mimi je?"

"Mamako yuko hapo?"

"Yuko."

"Ulimuuliza kabla ya kuanika mambo yake?"

Njiru alimtazama mama yake. Alikuja kufuta kosa moja na papo hapo akatenda la pili.

"Enda ukae na yeye," Kiende alisema, sauti imelegea. "Mkimaliza kuongea nipigie, mpenzi."

Njiru alishuka jukwaani. Nelius hakumtazama, lakini alisogea kwenye benchi akampa nafasi.