Nani Amekufundisha Kusema "Sho"?

"Rudia hiyo sentensi," nilimwambia Mutahi.

"Gani?"

"Ya mvua."

Aliweka kikombe chini, akacheka. "Mañana hay shuvia." Kesho kuna mvua.

Mimi, Watiri, ndiye niliyemfundisha huyu mwanaume Kihispania hapa Nanyuki, miaka miwili, neno kwa neno, ndio apate kazi ya kupandisha watalii Mlima Kenya. Mwalimu wangu alikuwa wa Madrid, na watu wa Madrid hutamka mvua "yuvia", na neno "mimi" hulitamka "yo". Mutahi alisema hivyo mpaka mwezi uliopita. Sasa "yo" imekuwa "sho". Najua wanaotamka hivyo ni watu wa Buenos Aires na majirani zao.

Wenzangu hupekua simu ya mwanaume. Mimi husikiza mdomo. Mtu haambukizwi matamshi na aliyemsalimia mara moja, huambukizwa na anayeshinda naye.

"Nani amekufundisha kusema sho?"

"Ah, Tiri. Si ni Kikuyu tu inanitoka."

"Kikuyu? Cucu, nyanya yangu, huita sukari 'shukari', kwa sababu Kikuyu haina s. Haya, sema jua."

"Sol."

"Hiyo s yako ni safi kabisa. Kikuyu usiisingizie."

Alikuna shingo. Ruracio yetu, sherehe ya mahari, ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwetu Kiganjo. Wazee wake walikuwa tayari wameagiza njohi, pombe ya kienyeji, ya kumletea baba.

"Ni padri," akasema mwishowe. "Padri Hernán wa huko Nyeri. Ametoka Amerika Kusini. Huwa tunaongea sana. Enda umuulize."

Nilitaka kuamini. Nilitaka sana, kwa sababu nilimpenda Mutahi tangu akipanda mlima na viatu vya kuazima.

Alhamisi ya wiki ya ruracio nikashuka Nyeri. Nilimpata padri akipunguza matawi ya waridi nje ya nyumba yake, nikamsalimu kwa Kihispania.

"Mutahi? Kijana mzuri," akasema. "Tunaongea, ndiyo, tukikutana baada ya misa. Ila hata namba yangu hana."

Moyo ulitulia, kidogo tu.

"Padri, hii mvua inayokuja, kwenu mnaiitaje?"

"Yuvia," akasema, akitazama mawingu.

"Na mtu akisema mimi?"

"Yo."

"Si sho?"

Akacheka. "Binti yangu, mimi ni mtu wa Bogotá. Sho ni ya Waargentina. Huko ni mbali sana na kwetu."

Mutahi alikuwa amejifunga mwenyewe. Alidhani Amerika Kusini ni kijiji kimoja, kama mgeni anayedhani Mmeru na mtu wa Nyeri hutamka sawa kwa sababu wote wanauona mlima.

Nikaomba simu ya padri. Kazi yangu ni matamshi. Nikitaka nitakuwa wa Madrid, nikitaka nitakuwa wa Bogotá, na siku hiyo nilitaka kuwa wa Buenos Aires. Nikampigia Mutahi, simu ikaita, akashika.

"Hola," nikasema. "Soy sho." Ni mimi.

Maneno matatu tu, na yalimtosha.

"Micaela, mpenzi," akajibu, kwa Kihispania kilekile nilichomfundisha. "Hii ni namba gani? Sikiza, Jumamosi usinipigie. Dada yangu ana ruracio, nitazima simu. Tiketi nimepata. Jumatatu naondoka, nije tukae kwenu Buenos Aires."

Nikakata. Nikamrudishia padri simu yake.

Jioni nikamwandikia Mutahi: "Kuna kitu unataka kuniambia kabla ya Jumamosi?"

Akajibu: "Ni vile nakupenda tu, Tiri. Lala poa."

Ningemwambia baba usiku huohuo. Sikumwambia. Bado nilikuwa natumaini Mutahi ataamka Ijumaa na aibu, anipigie. Ijumaa ikapita simu ikiwa kimya.

Jumamosi nyumba ilijaa. Baba yangu, Mzee Kihara, alishika kibuyu cha njohi akaniita mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kwetu njohi ikinywewa uchumba umefungwa, kwa hivyo hainywewi mpaka msichana aulizwe. Mara nyingi ni swali la heshima tu: msichana huona haya, husema ndiyo, na akina mama hupiga vigelegele.

"Watiri, hawa wageni unawajua?"

"Nawajua, Baba."

"Tunywe njohi yao?"

Nilimwangalia Mutahi. Alikuwa na suti ya kijivu, anatabasamu.

"Msinywe, Baba."

Mjomba wake alidhani ni utani. "Ati nini?"

"Msinywe. Jumatatu huyu anaenda Argentina kwa mwanamke anaitwa Micaela. Tiketi iko tayari. Amemwambia leo ni ruracio ya dada yake."

Mutahi alisimama. "Nani amekudanganya hivyo?"

"Wewe. Alhamisi, saa nane mchana. Simu ilikuwa ya padri, na aliyesema 'soy sho' ni mimi."

Aliketi. Mama yake alijifunika uso na leso.

"Tiri, ningekuambia."

"Lini? Ukiwa kwa ndege?"

"Nilitaka nikirudi nikukute."

"Kwa hivyo hii njohi ni ya kunifunga hapa nikungojee."

Baba hakupandisha sauti. Aliziba kibuyu vizuri, akakirudisha mikononi mwa mjomba wa Mutahi.

"Mrudi mapema," akamwambia. "Barabara ya Chaka itakuwa na ukungu."

Wakatoka mmoja mmoja, na njohi yao. Mimi nikaingia jikoni kwa mama nikalia, sikatai, nililia mpaka sauti ikakauka. Miaka miwili si mchezo. Lakini nililia nikiwa kwetu, na hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amemeza tone.