Maziwa ya Adey

Siku ya Jumatano soko la mifugo la Garissa halina adabu. Vumbi linakuingia mpaka kwenye meno, mbuzi wanakukanyaga vidole bila kuomba radhi, na madalali wanagombania mali yako kana kwamba wewe mwenyewe hupo. Hapo ndipo alipokuwa amesimama Sirad saa tatu asubuhi, jilbabu lake la rangi ya hina limejaa vumbi, kamba ya ngamia mkono mmoja, simu mkono wa pili, na hasira zimemfika kooni.

"Wewe ndiye dada yake Abdimalik?" iliuliza sauti ya kijana kwenye simu. "Mwambie alipe leo. La sivyo tunampigia imamu wa msikiti wenu. Namba yake tunayo."

"Mpigie!" Sirad alifoka. "Mpigie imamu, na kadhi pia! Ukimaliza, waeleze vipi elfu ishirini imezaa elfu hamsini na tatu kwa miezi miwili. Huna mama wewe?"

Simu ikakatwa.

"Abaayo, dada yangu," mtu alisema nyuma yake, "huyo ni mume au ni adui?"

Sirad akageuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye kikoi cha mistari ya kijani, shali jekundu begani na shati jeupe ambalo, kwa maajabu ya Mungu, lilikuwa bado jeupe.

"Ni mwizi mwenye ofisi. Na wewe ni nani, unayesikiliza simu za watu?"

"Simu hiyo hata ngamia wameisikia. Naitwa Noordin, ni dalali hapa. Ukiendelea kusimama na uso huo, wanunuzi watajua una shida. Na mwenye shida haulizwi bei, abaayo, hupangiwa."

Sirad alitaka kumtukana. Badala yake, bila kutaka, akacheka.

Basi Noordin akamuuzia ngamia wake. Bei ya ngamia pale haipigiwi kelele. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shali, wakazungumza kwa vidole: kidole hiki maelfu, kiganja kizima laki. Wanaozunguka hawaoni kitu ila nyuso mbili zinazojifanya hazijali. Sirad alikodoa macho kwenye lile shali mpaka yakamuuma. Lilipofunuliwa, Noordin alimletea laki moja na ishirini na tano elfu, wakati yeye alikuwa ametarajia laki.

"Umewaambia nini?"

"Siri ya shali," alisema Noordin, akikunja kitambaa chake kwa maringo.

Tuseme ukweli sasa, kwa nini msichana mwenye duka lake la madira mjini auze ngamia wa marehemu baba yake. Ni kwa sababu ya Abdimalik, mdogo wake, mtoto wa kiume wa pekee. Alifungua duka la simu kwa mkopo, duka likafa. Akakopa tena kulipa ule wa kwanza, akakopa wa tatu kulipa wa pili, akabahatisha na kamari ya mipira, na kwa miaka miwili hakumwambia mtu. Kampuni kumi na moja za mikopo ya simu, na wenye maduka sita wa mjini waliompa kwa jina la baba yake tu. Hakuweka rehani, hakutia sahihi popote. Laki tisa na arobaini elfu! Na alipobanwa akalia, na Sirad akafanya wanavyofanya dada wakubwa: akamfuta machozi, akafungua zizi.

Jumatano tatu, ngamia watatu. Na kila Jumatano, simu ya jioni kutoka kwa Noordin.

"Macaanto, umekula?"

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita macaanto, mtamu wako? Mimi ni mteja wako."

"Wateja wangu wote wana ndevu. Sikujua nimwiteje huyu."

Sirad alikuwa akizima taa ya duka huku amebana simu ndani ya mtandio, anatabasamu peke yake kati ya madira yaliyotundikwa.

Jumatano ya nne ilibidi aende Adey, ngamia mweupe wa mamake, Hooyo Ardo, aliyemkama kwa mkono wake miaka sita. Sirad alimdanganya mama kwamba Adey amepelekwa malishoni upande wa Balambala. Sokoni hakuweza kutazama. Noordin alishikana mkono na mzee mmoja aitwaye Yahye chini ya shali, akarudi na laki moja na sabini.

"Laki na sabini! Huyu mzee ana akili timamu?"

"Anampeleka Wajir," Noordin alisema, akitazama pembeni. "Usiulize sana, chukua."

Baada ya wiki mbili, Noordin, kwa ungwana wake, akaanza kumpelekea Hooyo Ardo galoni ya maziwa kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza mama alimimina kikombe, akanywa fundo moja. Akanywa la pili.

"Sirad."

"Labeka, hooyo."

"Haya ni maziwa ya Adey."

"Hooyo, maziwa ya ngamia ni..."

"Usinifundishe maziwa! Nimemkama miaka sita. Adey yuko malishoni, maziwa yake yananifikiaje kwa galoni ya kijana wa sokoni?"

 Sirad alivaa viatu na kukodi bodaboda mpaka nyumbani kwa kina Noordin. Nyuma ya nyumba, ndani ya boma la miiba, Adey alikuwa amelala akicheua, amenenepa.

Noordin alitoka akitabasamu. Tabasamu halikufika mbali.

"Ulishikana mkono na nani chini ya lile shali, Noordin? Na wewe mwenyewe?"

"Sirad, nisikilize. Yahye alinishikia tu. Sokoni ulikuwa unapewa laki na thelathini. Mimi nilitaka upate..."

"Dalali hanunui anachokiuza! Hata mtoto wa chuo anajua! Nilikuamini nikageuza macho, wewe ukaninunua!"

"Nimenunua ngamia."

"Umenunua dhiki yangu! Kesho utakuja kwa mama: niliwaokoa, nipeni binti. Na nani atakupokea posa? Abdimalik! Ndiye walii wangu. Atapokea yaradi yako, mali ya wakwe, ailipie simu zake. Wallahi, Noordin, mimi sitakuwa mkopo wa kumi na mbili!"

"Sikuwaza hivyo hata siku moja."

"Basi mbona ulificha?"

Noordin aliinamia miiba ya boma. Sirad alimzuia namba kabla hajafika barabarani.

Alilia? Alilia, lakini kwa hasira, akipiga pasi madira mpaka moja likaungua. Na ghadhabu haikuwa imemaliza kazi yake, kwa maana Jumatatu simu ililia, sauti ileile: "Dada yake Abdimalik? Mkopo wake mpya umepitiliza siku nne."

Mpya.

Alimkuta ndugu yake amejikunyata sebuleni, mbele ya mama. Akanyoosha mkono. "Simu."

"Abaayo, nitakueleza..."

"Simu, Abdimalik!"

Alijumlisha madeni yote. Alikuwa amelipa laki tano na thelathini. Zilipaswa kubaki laki nne na kumi. Zilikuwa laki saba.

"Ngamia wanne," alisema polepole. "Ngamia wanne wa nyumba hii, nawe umekopa tena?"

"Kila ukinilipia mmoja wananiandikia: hongera, sasa unaweza kupata zaidi." Abdimalik alikuwa analia. "Kuna madeni sikukutajia. Nikasema nitayamaliza kimyakimya, usijue. Niliona haya."

"Haya! Haya hukuiona ulipokopa?"

"Na wewe?" Abdimalik aliinua uso. "Wewe ulimwambia mama umemuuza Adey?"

 Hooyo Ardo aliweka tasbihi chini.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Nimezaa watoto wawili, wote wananificha. Mmoja anaficha deni, mwingine anaficha dawa ya deni. Na yule wa maziwa naye kaficha ngamia. Nyinyi mnafaana."

Sirad alikaa chini. Ukweli ule ulimuuma kuliko matusi ya wale wa simu.

Kesho yake hakulipa hata shilingi. Alimketisha Abdimalik, simu katikati ya mkeka, sauti imefunguliwa, mama akisikia. "Piga mwenyewe, mmoja mmoja. Waambie unadaiwa kiasi gani na unaweza kulipa ngapi kwa mwezi." Abdimalik akapiga. Kwa waliotisha, Sirad aliinamia simu: "Deni letu tutalipa. Riba yenu kaleni wenyewe. Imamu ameshaambiwa, tumemwambia sisi!" Wengine walikata simu, wengine wakakubali. Wenye maduka sita aliwafuata kwa miguu yake baada ya Alasiri, akakiri mbele ya watu, na wakampa mwaka mmoja na nusu. Simu ya kubonyeza akanunuliwa. Kazi akapata ya kupakia nyasi sokoni, yeye aliyekuwa hashiki hata jembe.

Jumatano iliyofuata Sirad alikwenda kumtazama kama kweli anafanya kazi. Alikuwa amebeba mzigo, jasho linamtiririka. Na nyuma yake, katikati ya soko, alisimama Noordin na Adey. Shali lake lilikuwa limefungwa kwenye shingo ya ngamia.

"Leo sina shali!" Noordin alitangaza, na madalali wakageuka kwa mshtuko. "Nilimnunua ngamia huyu kwa siri, mimi ndiye niliyekuwa dalali wake. Ni makosa, na ninakiri mbele yenu. Sirad, natoa bei kwa mdomo, kila mtu asikie. Ukikubali, Adey ni mahari yako, mali yako peke yako. Ukikataa, mchukue vilevile, na laki na sabini usinirudishie. Ni faini yangu."

Soko zima likamtazama Sirad. Abdimalik akatua mzigo wa nyasi.

"Mimi ni walii wake," alisema, sauti inakwaruza. "Yaradi sitaki hata shilingi. Deni langu nitalibeba kwa mgongo huu. Yeye aulizwe anachotaka."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Sirad. Alijipangusa kwa ncha ya mtandio.

"Adey peke yake?" alisema kwa sauti kubwa. "Unanipangia bei kwa sababu nina shida?"

Watu wakaangua kicheko. Noordin akatabasamu kwa woga. "Taja yako, macaanto."

"Adey na mtoto atakayemzaa mwakani. Na usinifiche kitu tena, hata kizuri. Na galoni ya mama isikose Ijumaa."

"Nimekubali." Kwa mazoea ya kazi, Noordin alinyoosha mkono wa kufunga biashara.

Sirad aliutazama ule mkono, akachukua kamba ya ngamia.

"Mkono utasubiri nikahi," alisema, akaanza kumwongoza Adey kuelekea nyumbani kwa mama.