Mwenzake Kasema Usiende

Saa saba mchana katikati ya mji, mwenye njaa hana adabu. Ofisi zinamwaga watu, ngazi zinalia viatu, na mtaa mzima wa walaji unafuka moshi kuanzia kona ya benki hadi duka la miwani. Siku hiyo mvua nayo ilikuja bila hodi, na kila mlango wenye harufu ya chakula ukajaa watu mpaka kizingitini. Mwanamke mmoja wa gauni la kijivu na kitambaa cheusi shingoni alijaribu milango mitatu, akaambulia migongo ya watu. Wa nne akaingia bila hata kusoma kibao.

Ndani kulikuwa na meza saba na kiti kimoja kitupu. Mbele ya kiti hicho alikaa mwanaume mrefu, shati la samawati limekunjwa mpaka viwikoni, anakula taratibu kama mtu asiye na bosi.

"Samahani kaka, hapa kuna mtu?"

"Kuna wewe. Kaa bwana, unachuruzika."

Akakaa, akajipangusa uso. "Hapa wanauza nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Majani, dada. Nyama hakuna, samaki hakuna, yai halikanyagi hapa. Hata maziwa ya chai wanakamua karanga."

"Na watu wanakuja kwa hiari yao?"

"Wengine wanaletwa na daktari. Wengine, kama wewe, wanaletwa na mvua."

Mwanamke akacheka, kisha akashtuka kwa kujisikia anacheka. "Na huyo mpishi wao yukoje?"

"Mkaidi sana. Mwombe kipande kimoja tu cha kuku kwenye supu, anakuonyesha mlango. Ila jaribu dengu na uyoga. Hivyo hajaviharibu sana."

Akaagiza. Sahani ilipofika, yule mwanaume alisimama, akachukua aproni iliyotundikwa kwenye msumari, akaifunga kiunoni bila haraka.

"Ukimaliza niite," alisema. "Uniambie kama nimeviharibu."

Huyo ndiye ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Majani. Hakusema mapema kwamba yeye ndiye mpishi, na mgeni wake hakusema yeye ni nani. Kwa hiyo hapo walikuwa sare.

Maana mgeni naye alikuwa na lake. Kila Ijumaa gazeti moja la mji lilikuwa na safu iitwayo Tule Wapi, iliyotiwa saini kwa neno moja: Wawili. Kila mkahawa ulipewa hukumu mbili, ya Mmoja na ya Mwenzake. Mmoja alikuwa huyu mwanamke, ambaye wenye mikahawa walimjua kwa sifa tu, wakamwita Mwonjaji. Mwenzake alikuwa mumewe, mlafi mwenye maneno. Ndiye aliyeandika kwamba samaki wa kona ya benki ni mtamu, ila uende kabla ya saa saba, maana baada ya hapo unakula wa jana. Ndiye aliyesema supu ya yule mama wa chini ya ngazi inafufua, na mkate wa mayai wa kwa fundi redio uliwe kwa kusimama kwa sababu viti vyake vinavunja mgongo. Kwa wasiokula nyama alikuwa na ushauri mmoja tu: wabebe chakula chao. Watu walikuwa wanaikata safu ile na kuibandika kwenye makabati ya ofisi.

Mwenzake alikuwa amekufa. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika. Mhariri alijua, wasomaji hawakujua, na hukumu mbili ziliendelea kutoka kila Ijumaa.

Mjane hakuwa anadanganya, au ndivyo alivyojiambia. Tangu siku ya mazishi chakula kilikuwa hakina ladha mdomoni mwake. Chumvi, pilipili, asali, vyote sawa na karatasi. Lakini kila alipotia kijiko mdomoni, upande wa kushoto, karibu kabisa na sikio, mumewe alikohoa kidogo kama alivyozoea kukohoa kabla ya kutoa maoni, kisha akasema. *Huyu kakaanga kwa mafuta ya juzi.* Au: *Hapa turudi, mke wangu, hapa pana mtu.* Yeye alikuwa anaandika tu. Hakuogopa. Alichokiogopa ni siku atakayokula na asimsikie.

Akatia kijiko cha dengu mdomoni. Ikaja ladha. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaingia weusi pembeni, binzari, uyoga wenye harufu ya udongo uliolowa, na ukali wa ndimu ulioubana ulimi mpaka machozi yakamlenga. Kwa miaka miwili ulimi ule ulikuwa umelala, leo umeamka kwa kishindo. Akageuka kushoto kumsikiliza mumewe anasemaje.

Kimya.

Alimaliza sahani yote, akatoka mvuani bila kumwita mtu.

Kesho yake alikwenda kwa samaki wa kona ya benki kuhakikisha. Mumewe alikuwepo, lakini sauti ilitoka mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Hiyo ilitosha kumfanya mwenye akili asirudi tena kwa Bwana Majani. Naye alirudi kesho kutwa yake, na siku iliyofuata, na wiki ya pili. Njaa ya miaka miwili haishibi kwa sahani moja.

"Mgeni wa mvua!" Bwana Majani alimpokea. "Leo jua kali, nani kakuleta?"

"Miguu."

"Iambie miguu asante. Leo kuna biringanya la kuoka na maharage meupe. Na usiniangalie hivyo, sijaweka mfupa."

Walipeana namba. Kila siku saa nne asubuhi simu ilikuwa inaita.

"Nimekata boga hapa, ndani jekundu kama jua la asubuhi, nikakukumbuka."

"Yaani mimi nafanana na boga?"

"Sijasema hivyo, mpenzi."

"Umeniita nani?"

"Nimesema boga, mpenzi. Masikio yako yanachagua."

Akacheka peke yake jikoni kwake. Siku ile alivaa gauni la njano ambalo lilikuwa limekaa chini ya sanduku muda mrefu, akalinyoosha kwa pasi mara mbili. Na kila alipocheka, sauti ya kushoto ilirudi nyuma hatua moja. Nyumbani, alipokunywa uji wa asubuhi, alisikia kikohozi tu, maneno hayakufuata. Alikaa na bakuli limepoa akisema, "Bado upo? Sema basi. Nitukane hata." Mumewe alikuwa anakufa mara ya pili, na safari hii ni yeye aliyekuwa anamuua, kijiko kwa kijiko.

Jumatano ya wiki ya tatu, mkahawani, Bwana Majani alivuta kiti karibu.

"Mgeni, mimi sijui kuzunguka. Nakupenda. Nataka unijibu ukiwa umeshiba, ndiyo maana nimesubiri umalize kula."

"Nipe siku mbili," alisema, akaondoka mbiombio mpaka kona ya benki. Akaagiza samaki, akatia tonge mdomoni, akasubiri. Samaki alikuwa mtamu, ametiwa chumvi barabara. Kushoto hapakuwa na mtu. Hakukuwa na kikohozi wala pumzi.

Basi akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Aliporudi nyumbani aliketi mezani, akamtungia marehemu maneno. Aliamini akimpa kazi atarudi.

Ijumaa gazeti likatoka. Mmoja aliandika: *Nendeni kwa Bwana Majani. Kama huli nyama, umepata kwako. Kama unakula, nenda pia.* Chini yake, Mwenzake: *Usiende. Hicho ni chakula cha ng'ombe aliyekosa bahati, na mpishi wake anajiona nabii.*

Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Saa saba mchana meza tano kati ya saba zilikuwa tupu. Mwonjaji alipoingia, Bwana Majani alikuwa amesimama na gazeti mkononi.

"Kumbe ndiye wewe," alisema polepole. "Kuna mteja anayefanya kazi kwenye gazeti lenu kakutambua, kaniambia. Sawa, hilo si kosa. Huyu mwenzako ni nani? Una mume?"

"Nilikuwa naye."

"Amekula hapa lini? Mimi nazijua sura za wateja wangu wote."

"Hajawahi kula hapa."

"Sasa ameonja wapi?"

"Amefariki," alisema. "Mwaka wa pili sasa."

Bwana Majani akaketi. Alikunja gazeti mara nne.

"Angekuwa hai ningegombana naye," alisema. "Ningemwita hapa, ningempikia, angekula maneno yake. Marehemu nitamfanyaje? Nimekuambia nakupenda, nikaomba jibu, ukampeleka marehemu akanijibu. Tena gazetini." Alisimama. "Nenda nyumbani, mama. Nenda kwa mumeo."

Hakumwita mgeni, wala mpenzi. Alimwita mama, kama anavyoitwa mteja yeyote wa makamo, na hilo ndilo lililomkata.

Marehemu hakurudi. Siku nne nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia friji ikipumua. Alikula akitega sikio, akaongea na ukuta, akalaza shavu kwenye upande wa mto aliokuwa analalia mumewe. Hapakuwa na kitu. Mwonjaji alikuwa amewakosa wote wawili, aliye chini na aliye juu ya ardhi.

Jumanne simu ikaita. Mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimelisoma gazeti. Yule wa Ijumaa siye."

"Siye nani, mama?"

"Usinizunguke, nimemzaa mimi. Miaka miwili nanunua lile gazeti ili nimsikie. Kila Ijumaa nacheka kisha nalia, nasema huyu ni yeye kabisa, huyu mke wake anamsikia kweli. Lakini yule wa juzi ana roho mbaya. Mwanangu alikuwa mlafi, hakuwa na roho mbaya. Amekula hata wali niliouunguza, akaomba ukoko."

Mwonjaji akaketi sakafuni, simu sikioni.

"Umemsikia akisema yale?"

"Hapana, mama."

"Umetunga."

"Nimetunga. Amenyamaza, mama. Nilikula chakula cha yule mtu, nikakisikia utamu mimi mwenyewe, na yeye akaanza kwenda. Nilitaka arudi."



"Haya," mama mkwe alisema. "Kama amekwenda, amekwenda. Tulimzika mchana kweupe, mimi na wewe tulikuwepo. Mwache aende, usimgeuze kuwa kichaka cha kujifichia. Na mimi nitaacha kununua gazeti. Nitakosa wa kumcheka Ijumaa, lakini nitazoea." Akapenga kamasi. "Huyo mpishi, dengu zake zikoje?"

"Tamu, mama."

"Basi kesho njoo unichukue."

Jumatano saa saba, mkahawa ulikuwa na wateja wawili tu na meza tano tupu. Bwana Majani aliwaona mlangoni, mmoja wa gauni la njano, mwingine bibi mnene wa ushungi mweusi, mkoba kwapani.

"Meza zimejaa," alisema.

"Na hizi?" Mwonjaji aliuliza.

"Zimekaliwa na mwenzako."

Mwonjaji alisogea ndani. "Nakuomba unisikilize. Hakusema yeye, nilisema mimi. Kila neno ni langu, na ni la uongo. Nilikuwa namsikia, kweli, miaka yote miwili hii. Nilipokula kwako nikaacha kumsikia, nikaogopa, nikakuumiza. Kwenye safu itakayotoka Ijumaa hii nimeandika kwamba Mwenzake amefariki, na kwamba yale maneno ni yangu, na nimeyafuta. Nimetia saini peke yangu. Sitaki unisamehe kwa huruma. Na jibu lako ni ndiyo. Nimechelewa kulitoa, lakini ni ndiyo."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Yule bibi akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Nyinyi malizaneni taratibu," alisema. "Mimi nina njaa. Lete hizo dengu."

Akaleta sahani mbili, za dengu na uyoga. Alisimama pembeni, mikono ndani ya aproni, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Bibi alikula kimya. Hakuinua macho, hakusifu, hakulaumu. Alikula mpaka akafuta sahani kwa kipande cha mkate, na katikati machozi yakawa yanamtiririka na yeye anatafuna tu.

"Pilipili imezidi, mama?" Bwana Majani aliuliza kwa hofu.

"Haijazidi. Mwanangu angekula sahani tatu za hiki, halafu akuambie hakuna nyama." Alijifuta kwa ncha ya ushungi. "Wewe, una wazazi?"

"Ninao, mama. Wote wawili."

"Waambie waje nyumbani kwangu Jumapili. Huyu ni binti yangu. Ana mama, haposwi mkahawani kama ameokotwa."

Bwana Majani alimtazama Mwonjaji, Mwonjaji akatikisa kichwa kukubali, na mpishi akasema, "Naam, mama."

Mwonjaji alitia kijiko cha kwanza mdomoni. Alisubiri kidogo, kwa mazoea. Akasikia vijiko vya wateja, gari likipiga honi nje, na mama mkwe wake akiomba maji. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mbele za watu, jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi, na yule bibi alimshika mkono wa kushoto akawa analia naye, na mpishi akawaacha, akaenda jikoni kuwaletea maji.