Redio za Mjomba Monari

Kila asubuhi kabla ya shule, Kemuma alifagia mbele ya duka lao hapo Rodi Kopany, kisha akamsaidia mama yake, Bonareri, kumkamua Madoa. Ng'ombe huyo alikuwa mkaidi, lakini maziwa yake ndiyo yaliyowalisha, na Kemuma alimpenda hata alipoipiga teke ndoo.

Mwaka huo redio ndogo za transista zilikuwa zimeanza kuingia. Bwana Nicodemus, wakala wa redio kutoka Kisumu, alimwachia Mjomba Monari moja ya kujaribu. Alitabiri kwamba baada ya mavuno ya pamba kila nyumba ingenunua yake. Basi Mjomba akataka Madoa auzwe ili yeye na dada yake waagize redio nyingi. Mama Bonareri hakukubali, kwani muuzaji hasemi bidhaa yake itadoda. Walibishana mpaka chai ikapoa, mwishowe wakamtuma Kemuma aulize watu sokoni.

Maskini Kemuma, Mjomba alikuwa amekwisha kumwahidi redio moja! Watu aliowauliza waliisifu sana ile ya dukani, lakini alipowauliza kama wangenunua, walicheka. Mama Truphena, muuza samaki, alimwambia, "Nyathina, mwanangu, ninunue ya nini na yenu naisikia? Mwenye redio hafungi mlango."

Kemuma aliporudi alisema tu kwamba watu wote walizipenda, naye Mama akakubali Madoa auzwe.

Kesho yake Mjomba alimfunga Madoa kamba ampeleke mnadani. Madoa akamlamba Kemuma mkono. Hapo msichana akashindwa kuvumilia, akalia.

"Mjomba, nimewaficha jambo," alisema. "Wanazipenda, lakini hawatanunua. Redio moja inatosha boma zima na majirani. Walichoulizia ni betri, maana wenye redio huzifuata mpaka Homa Bay."

Mjomba akaifungua kamba. Wiki hiyo walinunua katoni ya betri kwa pesa za faida ya duka, nazo zikaisha upesi. Redio ya Bwana Nicodemus ilibaki mlangoni ikiwavuta wateja.

Jioni moja Mama alimkalisha binti yake karibu naye. "Ukitumwa kuuliza, mwanangu, leta jibu ulilopewa, hata kama hulipendi. Tamaa yako ingetupotezea ng'ombe."

"Yangu pia, dada," alisema Mjomba Monari, akanyoosha kikombe aongezewe maziwa.