Mshenga wa Waya wa Intaneti

Baridi ya Mbinga haina mzaha. Zita alizaliwa Mbamba Bay, chini kule ziwani kwenye joto. Miaka mingi imepita tangu aolewe huku juu, lakini mpaka leo asubuhi hujifunga vitenge viwili ndipo awashe moto.

Mume wake, Romanus, ni mkulima wa kahawa na mahindi. Nyumba yao iko pembeni mwa mji, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda mashambani. Mtoto wao, Egidi, yuko shule ya bweni. Nyuma ya nyumba wana chumba kimoja cha kupangisha, na humo alikaa Tumpe, nesi aliyehamishiwa Mbinga kutoka Rungwe.

Kabla ya Tumpe, wapangaji walikuwa wanakuja na kuondoka. Mmoja alikaa mwezi mmoja tu. Wote walilalamikia kitu kimoja: mtandao wa simu haushiki pale nyumbani. Tumpe alivumilia. Akitoka zamu ya usiku alipitia jikoni kwanza, akaota moto, akamsimulia Zita habari za kazini. Romanus anapokuwa shambani siku nzima, Tumpe ndiye mtu wa kuongea naye. Zita alimzoea kama mdogo wake wa kuzaliwa.

Lakini Tumpe alikuwa anasoma. Alijiunga na chuo ambacho walimu wanafundisha kwa intaneti. Na pale nyumbani mtandao ulishika mahali pamoja tu, kando ya banda la nguruwe. Basi jioni ungemkuta Tumpe amesimama pale, simu juu, daftari kwapani, anasikiliza mhadhara. Siku moja mwalimu wake alimuuliza ni nani huyo anayekoroma darasani.

Zita alicheka mpaka machozi. Tumpe naye alicheka, lakini kidogo. Mvua zilipoanza, hakucheka tena.

"Mama Egidi," alisema jioni moja, "nimepata chumba karibu na hospitali. Kina intaneti ya waya. Mwenye nyumba anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Sipendi kuhama. Lakini nikifeli mitihani hii, nitamwambia nani kwamba ni mvua?"

Zita aliendelea kukoroga ugali, ingawa ulikuwa umeshaiva.

Wiki ile ile lilipita gari la matangazo. Kampuni moja ya intaneti ya waya ilikuwa inatangaza kwamba imefika mtaani kwao, na kwamba kufungiwa ni bure. Mteja alipe kifurushi cha mwezi tu. Zita alimkimbilia Romanus shambani. Romanus alipiga hesabu kichwani, akasema kama ni hivyo, kodi ya chumba inatosha kulipa kifurushi na chenji inabaki. Zita akapiga simu, akajiandikisha.

Fundi alikuja siku ya tatu, amelowa, na ngazi imefungwa kwenye pikipiki. Jina lake lilikuwa Nazari. Alikuwa kijana mpole, na ilionekana wazi kwamba hajala tangu asubuhi.

Sasa, Zita amelelewa ziwani. Kwao mgeni aliyelowa haulizwi maswali. Anapewa kitu cha kujifuta, anakalishwa karibu na moto, anapewa chakula. Siku hiyo kulikuwa na mbasa, samaki ambao mama yake mdogo huwatuma kwa basi dogo kutoka Mbamba Bay. Nazari alikula, akashukuru, akaomba kuonyeshwa mahali pa kutoboa. Kumuuliza bei mtu ambaye bado ananawa mikono, Zita aliona ni aibu. Tena, si walisema bure?

Nazari alitoboa ukuta. Alipanda ngazi, akapima, akashuka. Ndipo aliposema.

Alisema nguzo ya kampuni iko mbali, kwa hiyo panahitajika nguzo nyingine, na nguzo hiyo ni juu ya mteja. Waya uliozidi kipimo cha kampuni nao unalipiwa. Kuna pia amana ya ruta, kile kisanduku kidogo chenye taa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba. Alivyotaja jumla, Zita aliona mbuzi wawili wazima wakitoka zizini kwake.

"Lakini walisema bure," alisema.

"Kufungiwa ni bure, mama. Kazi yangu mimi hulipii." Nazari alikuwa anatazama chini. "Hivi vingine ofisi inataka tuviseme tukishafika."

Zita hakuwa na fedha hiyo. Nazari akarudisha ruta kwenye boksi, akafunga ngazi yake, akaondoka. Likabaki tundu ukutani, na upepo wa Mbinga ukaingia ndani kama mwenye nyumba. Zita aliliziba kwa gunzi la mahindi.

Jioni Romanus alilitazama lile gunzi kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo tumenunua tundu," alisema.

"Hatujanunua. Tumepewa bure," Zita alijibu. Wakacheka wote wawili, maana walikuwa wamechoka kuhuzunika.

Kesho yake Zita alikwenda kwa jirani yao, Loveth. Loveth ana duka la vifaa vya ofisi, na waya wa kampuni ile ile ulifika kwake mwaka jana, walipokuwa wanafungia wenye biashara tu. Zita alimweleza yote, hata habari ya mbasa.

"Mwenzangu, hukuuliza bure ya nini," Loveth alisema. "Neno bure halitoshi. Ulitakiwa umuulize kabla hajatoa drili: mpaka taa ya ruta iwake na mtu asome, natoa shilingi ngapi kwa jumla? Akitaja nguzo, muulize ya nini. Akitaja waya, muulize mita ngapi ni za kampuni na ngapi ni zangu. Na ruta ni ya nani? Tukiacha huduma, amana inarudi?"

"Kumbe kuna maswali mengi hivyo."

"Yapo. Na fedha usimpe fundi mkononi, wala usitume kwenye namba yake. Lipa kwenye namba ya kampuni, upate risiti. Mimi nilimpa fundi wangu, si huyu wako. Nilipodai risiti, simu yake ikawa haipatikani."

Zita akauliza kama mambo yake yameshaharibika. Loveth akasema hapana. Alimpa namba ya huduma kwa wateja, akamshauri awaambie kwanza kampuni wenyewe, kwa upole lakini bila kuzunguka. Wakimzungusha wao, ndipo apeleke malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano. Huko ndiko mteja anakokwenda kampuni yake isipomsikiliza.

Zita alipiga simu pale pale dukani. Dada wa kampuni alimsikiliza, akaomba radhi kwa lile tundu, akaahidi kumrudisha fundi Alhamisi kupima upya.

Njiani kurudi, Zita alikuwa na wasiwasi. Alijijua. Nazari akija amelowa tena, atamkaribisha tena, na maswali yatakwama kooni. Ndipo alipokumbuka posa yake mwenyewe. Watu wa Romanus waliteremka mpaka Mbamba Bay, wamechoka na safari, na harufu ya samaki ikiwafikia kutoka jikoni. Lakini wajomba zake Zita hawakutoa hata sahani moja mpaka kila kitu kisemwe kwa sauti mbele ya watu. Hakuna aliyeona ni aibu. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Na aliyesema kwa upande wa Romanus alikuwa baba yake mdogo, mzee Othmar. Mpaka leo ndiye mshenga wa ukoo.

Zita alimfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, binti wa samaki. Leo mbasa wamegoma huko kwenu, ndipo umenikumbuka?"

Zita alimweleza shida yake. Mzee Othmar hana hata simu ya kubonyeza. Alisikiliza, akauliza huyo intaneti ni binti wa nani, na kama kwao wanajulikana. Kisha akaacha utani. Alitaka arudiwe maneno ya Loveth mara mbili, polepole.

Alhamisi Nazari alifika. Alimkuta mzee Othmar amekaa kwenye kigoda, katikati kabisa ya mlango, amevaa koti lake la harusi. Nyuma yake walikuwa Romanus, Zita na Loveth. Tumpe alikuwa ametoka zamu, hajalala, amejiegemeza ukutani.

"Karibu, mwanangu," alisema mzee Othmar. "Chakula kipo. Kimefunikwa. Kwanza tuseme."

Nazari alitabasamu. Ngazi akaiweka chini.

Mzee aliuliza kuhusu nguzo. Loveth akaingilia kwamba waya wake yeye unapita juu ya ua wake, hatua chache tu kutoka pale. Je, waya wa Zita hauwezi kupitia upande huo? Nazari alikwenda kutazama. Aliporudi alisema unaweza, mradi Loveth akubali. Siku ile alipima kwa kufuata barabara, hakutazama upande wa majirani. Loveth akakubali. Nguzo ikafutwa, na waya wa kuzidi ukafutwa nao.

Mzee aliuliza kuhusu ruta. Nazari akasema ni mali ya kampuni. Amana inarudi mteja akiirudisha nzima. Loveth akamkumbusha Zita aichomoe kwenye umeme radi zikianza, maana ikiungua mteja ndiye anayelipa.

"Na kila mwezi?" mzee aliuliza.

Nazari akataja bei, ile ile iliyotangazwa na gari.

"Mwezi wa kwanza hiyo. Wa pili?"

"Hiyo hiyo, babu."

"Wa tatu?"

"Hiyo hiyo."

"Wa nne?"

Nazari alikuna shingo. Hata Loveth alimgeukia.

"Babu, kwa kweli, hapo sina hakika. Ngoja niwaulize ofisini."

Alipiga simu, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Dada wa ofisini alieleza kwamba ile bei ni ya miezi mitatu ya kuwakaribisha wateja wapya. Kuanzia mwezi wa nne, kifurushi kile kinapanda karibu mara mbili.

Romanus alipiga mluzi wa chinichini. Kwa bei hiyo, kodi ya chumba isingetosha. Wangemaliza miezi mitatu wakicheka, wa nne wakaanza kuuza kuku. Zita alimtazama Tumpe, na Tumpe alikuwa anatazama viatu vyake. Kile chumba cha karibu na hospitali kilikuwa bado kinamsubiri.

Zita hakumwachia mzee Othmar tena. Alisogea kwenye simu mwenyewe.

"Dada," alisema, "hapa mtu mmoja anasoma masomo, basi. Hatuangalii mpira. Hakuna kifurushi kidogo kinachomtosha, ambacho bei yake haipandi?"

Kilikuwepo. Kasi yake ni ndogo, lakini inatosha mhadhara wa video, na bei yake haibadiliki baada ya miezi mitatu. Gari la matangazo halikukitaja.

Zita akaomba atumiwe maneno hayo yote kwa ujumbe wa simu. Ujumbe ulipoingia, aliusoma kwa sauti, neno moja moja, kidole kikifuata mstari. Amana ya ruta. Bei ya mwezi. Nguzo, hakuna. Waya wa kuzidi, hakuna. Akitaka kuacha, atoe taarifa mwezi mmoja kabla. Romanus akalipa kwenye namba ya kampuni, na risiti ikaingia papo hapo.

"Sasa mwanangu," mzee Othmar alisema, akainuka na kigoda chake, "ingia."

Kazi haikuchukua muda. Gunzi lilitoka, waya ukaingia. Taa ya ruta iliwaka sebuleni, na Nazari akamwomba Zita athibitishe kwamba kazi imekwisha.

"Bado," Zita alisema. "Anayesoma hakai sebuleni."

Walikwenda wote chumbani kwa Tumpe, wakafunga mlango. Mhadhara ulianza, ukakwama, ukaanza, ukakwama tena. Kuta za tofali zilikuwa zinazuia. Nazari akaihamishia ruta kwenye korido, juu ya mlango wa nyuma. Walirudi chumbani. Safari hii mwalimu aliongea mpaka mwisho wa somo. Wao wote walikaa kitandani kwa Tumpe wakasikiliza habari za dawa za shinikizo la damu, na mzee Othmar akawa anaitikia kama yuko kanisani.

Hapo ndipo Zita alipothibitisha. Kisha akafunua chakula.

Nazari alikula kwa raha kuliko siku ya kwanza. Alisema tangu aanze kazi hii, ni mara chache ameondoka kwa mtu bila kuinamisha kichwa. Mzee Othmar alimwambia aje tu akitaka kuoa, atamsemea.

Mwezi wa kwanza ulipita, na wa pili. Bei ilibaki ile waliyoambiwa. Mwezi wa nne Zita alishika simu akisubiri, roho mkononi, lakini ilikuwa ile ile. Kina mama wa jumuiya ya kanisani walianza kumjia kabla ya kuita mafundi, na yeye aliwasomea ujumbe wake. Mitihani ya Tumpe ilikwisha. Alifaulu yote, isipokuwa somo moja alilosema ni gumu hata kukiwa na intaneti.

Jumamosi moja, alfajiri, Zita alisikia jembe nyuma ya nyumba. Alitoka na vitenge vyake viwili. Alimkuta Tumpe amechimba shimo karibu na mlango wa chumba chake. Pembeni palikuwa na mche wa mgomba, umefungwa kwenye gunia, umetumwa kutoka Rungwe.

"Mama Egidi, samahani, nilitaka nikuombe ruhusa kwanza, nikaona bado umelala," Tumpe alisema. "Hii ni ndizi ya kwetu. Ila kwa baridi hii, itachelewa sana kuzaa."

Zita alitazama lile shimo. Lilikuwa refu, limechimbwa na mtu asiye na haraka.

"Ichelewe tu," alisema, akaenda kumletea maji.